Kabati la Njumu la Bwana Thornhaugh

London, 3 Machi 1868

Shikamoo Baba,

Kifua kimepoa? Mimi mzima, nanenepa kwa sifa. Najua miaka sita hatujaandikiana, lakini habari hii ingenipasua. Kabati la njumu la Bwana Thornhaugh, yule tajiri mkusanya vitu, linakuja kwenye jumba lake hapo kilimani kwenu. Mpingo mtupu, na maua ya pembe na mti wa peasi niliyoyakata na kuyapachika mbaoni mimi, peke yangu, kwa msumeno mwembamba kama unywele. Vivuli vya petali nimevichoma kwa mchanga wa moto. Nyuki akiingia sebuleni atajigonga pua. Nenda ukalione, kisha uniambie nani fundi.

Mwanao, Jabez


Derbyshire, 17 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Kifua ni kilekile. Nimeliona. Umekata vizuri, sitasema uongo. Ila dirisha liko kushoto kwa kabati, na vivuli vya maua navyo viko kushoto, kana kwamba jua linachomoza ukutani. Vipande tunavipanga kifudifudi. Ukavichoma ukasahau kwamba vitageuzwa, kulia kuwe kushoto. Ulikuwa na miaka tisa nilipokufundisha hilo. Bwana hajui kinachomsumbua, anasema tu maua yanamtia kizunguzungu. Analirudisha London.

Baba yako, Amos


London, 21 Machi

Shikamoo Baba,

Natumaini u mzima, maana mimi sili. Barua ya Bwana imefika. Mwenye karakana amesema, "Jabez, kabati likiingia mlango huu, wewe unatokea huu huu." Na akishanifukuza, hakuna karakana itakayonipokea. Siku ile naondoka nilisema mbele ya mafundi wote kwamba mikono yako imezeeka. Sasa naiomba mikono hiyohiyo. Fanya lolote.

Mwanao


Derbyshire, 2 Aprili

Mwanangu,

Sijambo. Nilipitia jikoni. Mpishi akanicheka: "Mzee Amos, umekuja kununua jumba?" Nikamwambia, "Leo nalipanga upya tu, mama." Bwana nilimwomba kitu kimoja: kabati lihamie ukuta wa pili, dirisha liwe kulia. Wanaume wanne walilibeba wakitukana. Bwana akakaa akalitazama mpaka chai yake ikapoa. Halirudi.

Ila sasa anataka la pili, lisimame ukuta ule wa kwanza. Nilimwambia kosa lilikuwa lako, na kwamba la pili vivuli nitavichoma mimi. Nafika Jumatatu. Nitafutie pa kulala, pasiwe na ngazi nyingi.

Baba yako


London, 4 Aprili

Shikamoo Baba,

Chumba kipo, ngazi nne tu. Nimewatangazia wenzangu kuwa anakuja fundi. Yule Caleb mwenye mdomo akauliza, "Anakushinda wewe?" Karakana nzima ikaacha misumeno kusikiliza.

Nilisema ndiyo. Akajifanya hakusikia, mshenzi yule, ikabidi niseme tena.

Mwanao, Jabez