Antena Iliyogeukia Kanisani

Debre Sina

Dada yangu mpendwa Alemtsehay,

Pokea salamu nyingi za moyo kutoka kwangu na kwa Mama. U hali gani? Mwanao Eyosias na shemeji hawajambo? Baridi ya huko Uswidi imelegea kidogo? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mvua ya mawe imetupiga lakini haikutubomoa. Nakuandikia kwa mkono, na barua nampa Fikirte anayemfuata mumewe huko, kwa sababu kila nikikupigia simu kwa Mama, yeye yuko ubavuni mwangu na masikio yake hayajazeeka, na hapa mkahawani kwangu wateja hutega yao.

Najua umechoshwa na zile Jumapili. Unapiga, uso wa mwanao unatokea kidogo, kisha kioo kinaganda. Uliniambia kwa hasira kwamba labda sijali. Dada, laiti ungeona nilivyohangaika! Waifai ninayo hapa mkahawani, barabarani, na ni nzuri. Tatizo ni nyumba ya Mama, kule chini mteremkoni nyuma ya mikaratusi, na kuta zake za mawe ambazo baba alijenga kama anategemea vita. Kupanda kuja kwangu hataki. Anasema miguu inamuuma.

Kwanza nilinunua busta, kile kifaa cha kukuza mtandao, kwa Tamirat, yule mwenye duka la simu. Nikaichomeka jikoni kwa Mama, ikawasha taa nyekundu na kunikodolea macho tu. Niliporudi kulalamika, Tamirat akacheka. “Busta si chemchemi, Yewubdar. Inapitisha inachopokea. Ukiiweka pasipofika kitu, itakuza nini?” Nikamuuliza hekima hiyo ilikuwa likizo wapi siku aliponiuzia.

Akanipa antena ndefu, ile inayosambaza pande zote. Nikaifunga juu ya paa la mkahawa. Ilisambaza kweli! Madereva wa malori wakawa wanatazama mpira bure wakiwa wamelala ndani ya magari yao, na Mama kule bondeni hana kitu. Nilirudi dukani nikiwa nachemka. Safari hii alikiri kwamba nilihitaji mbili za kuelekezana, moja kwangu na moja kwa Mama, zitazamane bila tawi katikati. Nikagombana na jirani hadi akakubali kukata mkaratusi wake. Tukafunga, tukajaribu katikati ya wiki, na mtandao ukaja kama maji ya bomba. Nililia kwa furaha, sikufichi.

Jumapili ukapiga, na mambo yakawa yale yale. Nikatoka nje, nikakuta antena ya Mama imeupa kisogo mkahawa, inatazama kanisani. Nikalaumu upepo. Nikaikaza. Jumapili iliyofuata tena kanisani! Nikalaumu mbuzi, nikamlaumu jirani wa mkaratusi mbele ya watu, kisha nikaenda kumtukana Tamirat hadi wateja wake wakaondoka. Maskini akaniapia kwamba nati alizikaza kwa nguvu zake zote, na kwamba antena haina dini.

Jumapili iliyopita nilitoka ibadani mapema ili nitayarishe kahawa kabla hujapiga. Nikamkuta Mama nje, shuka lake jeupe limeanguka matopeni, anaupapasa ukuta mpaka akaufikia mlingoti wa antena. Akaushika kwa mikono miwili na kuuzungusha wote, na nati za Tamirat juu yake zimekaza vile vile.

Nilipiga kelele, Mungu anisamehe. Nilimuuliza amekosewa nini na mtoto wake. Akaanza kunikaripia, eti nimekuja kumpeleleza. Kisha akakaa chini pale pale.

“Sioni, Yewubdar,” akasema. “Mtandao ukiwa mbovu, nasema sioni, na nyote mnalaumu mtandao. Ukiwa mzuri nitasema nini? Mtoto alininyanyulia picha aliyochora, akaniuliza ni nini. Nikamwambia ni nzuri. Akauliza tena.”

Dada, yule Mama aliyekuwa akisema Eyosias amechukua paji la uso la baba, hajawahi kuliona paji hilo. Aliniapisha kwa jina la Bikira Maria nisikwambie, maana anaogopa utaacha kazi na kurudi. Nimeapa, na sasa navunja kiapo. Nitaungama kwa padri.

Jumatano nilimpeleka hospitali Debre Birhan, akininunia njia nzima. Daktari amesema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba akipasuliwa ataona. Amekataa. Daktari amebembeleza, mimi nimefoka, padri amekuja. Jana amelegea, lakini ametoa sharti moja: siku ya kufunguliwa bendeji hataki simu mbele yake. Anataka Eyosias asimame pale, na picha yake mkononi, ili yeye Mama amjibu lile swali lake.

Njooni, Dada. Upasuaji utangoja tarehe yako. Mama anakusalimu, ingawa anadhani nawaalika tu bila kutaja macho yake. Wasalimie shemeji na mtoto, na Mungu awalinde njiani.

Mdogo wako akupendaye,
Yewubdar