Picha ya Kura

3 Septemba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, na wanangu hawakusumbui? Mimi nimefika salama huku ugenini, ila usingizi umenikimbia. Nakuandikia kwa barua pepe, maana simu siiamini.

Tarehe saba tunamchagua rais wa chama cha sataranji cha dunia. Kabla sijasafiri, kamati ya chama chetu cha nchi ilikaa kule juu ya duka la vyerehani. Watano wakamtaka mgombea mpya, wanne rais aliyepo. Mimi katibu nikatumwa kuipeleka kura ya watano. Nashuka ngazi, Mwenyekiti akanishika mkono. "Utampa aliyepo," akasema. "Karatasi uipige picha, unitumie. Usinifanye niende kuzungumza na mzee wako." Alikuwa anatabasamu, Baba.

Usimfungulie mtu usiyemjua.

Mwanao

5 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lile lile, linapanda ngazi kwa kulalamika. Watoto wazima.

Onyo lako limechelewa. Jana walikuja karakanani wanaume wawili, viatu vinang'aa, wamebeba saa ya mezani wakidai imekufa. Nikaifungua: nzima kabisa. Nikiwa nimeiinamia, mmoja akauliza, "Wajukuu wakitoka shule hupita geti la mbele au la nyuma?" Bisibisi ikaniponyoka.

Miaka arobaini natengeneza saa, haijawahi kuniponyoka. Nakuomba, wape wanachotaka. Mchezo huu nilikufundisha mimi, lawama iwe yangu.

Baba yako

8 Septemba

Baba,

Shikamoo. Hamjambo huko? Nijibu hata neno moja.

Nimefanya ulivyoniomba. Nyuma ya pazia la kura nikamtia alama aliyepo, nikapiga picha mara tatu kwa sababu mbili za kwanza zilitoka na ukungu. Nikatuma. Mwenyekiti akajibu kwa alama ya kidole gumba.

Mgombea wetu ameshindwa kwa kura tatu.

Nikaingia chooni kunawa uso. Nikamkuta katibu wa chama cha nchi nyingine, mama mtu mzima, analia kwenye sinki. Akanionyesha simu yake: karatasi kama yangu, alama mahali pale pale. Yeye walimfuata mumewe mpaka kitandani hospitalini. Sisi wawili tu tungetosha kugeuza matokeo, Baba: kura zetu mbili zingetoka kwa aliyepo na kwenda kwa mgombea wetu, angeshinda kwa moja.

Malalamiko ya uchaguzi yanapokelewa mpaka tarehe kumi na moja. Tumeyaandika na kutia saini wote wawili, tumeambatanisha picha na maelezo ya vitisho vyote. Bado hatujayapeleka. Wapeleke watoto kwa shangazi yao; nasubiri kusikia wamefika. Ukisema niache, naacha.

Mwanao

10 Septemba

Mwanangu,

Marahaba, bado mzima.

Watoto wako kwa shangazi yao, wanagombania kitanda. Nimewapeleka mwenyewe, kisha nikarudi, maana karakana ikifungwa wale wanaume wawili watashtuka.

Wamekuja tena leo asubuhi. Mara hii hawakubeba saa. "Binti yako amefanya vizuri," wakasema, "mwambie aendelee kukaa kimya." Halafu: "Mbona wajukuu hawaonekani shuleni?" Nikasema wana tetekuwanga. Sijui kama waliamini. Mmoja ameegemea gari hapo nje, namwona ninavyoandika, anatafuna karanga bila haraka.

Sikufichi, naogopa mpaka meno yananiuma. Lakini tangu juzi namfikiria yule mama na mumewe mgonjwa. Kama na yeye amekubali kutia saini, mimi nitakwambia uache kwa uso gani?

Pelekeni leo, msingoje kesho. Ukishapeleka usinipigie simu. Nitasikia kwa watu.

Baba yako