Shogi la Batuli

Amu, Rajabu 1331

Bwana Mshauri, nisaidie upesi kabla sijaaibika mara ya pili, mimi ni Famau, mtu wa Amu mwenye heshima zake, na baisikeli yangu ndiyo ya kwanza mtaani kwetu, nisamehe kwa kujisifu lakini ndivyo ilivyo, nikipiga kengele watu hutoka barazani kutazama, basi binti yangu Radhiya ameolewa Kipini, na alipokaribia kujifungua mwanawe wa kwanza ilikuwa juu yetu sisi wazazi wake kupeleka samli, asali na nguo za mtoto, bahari ya Kipini wakati huu wa kusi ni mbaya, punda nao hawaishi huko bara kwa mbung'o, nikasema nitavuka Mokowe niende kwa baisikeli, siku tatu, nilale Mkunumbi na Witu.

Sasa Bwana, kwetu zawadi hubebwa juu kwa sinia, watu waione, nami nikapanga vyote kwenye sinia, mtungi wa samli juu kabisa, nikafunika kitambaa cha hariri, nikaifunga nyuma yangu, watu wakashangilia mpaka mashua ikaondoka, na siku ya pili, kwenye mchanga wa ndia ya Witu, baisikeli ikainua gurudumu la mbele, nikaanguka, mtungi ukapasuka, samli yote ikaingia kwenye nguo, nikafika Kipini siku ile ile aliyozaliwa mjukuu wangu, akavikwa nguo ya kuazima kwa jirani, wallahi nililia.

Arubaini yake imebaki siku ishirini, nguo mpya, samli na asali nyingine ziko tayari nizipeleke, na mke wangu Batuli amenisukia shogi la ukindu, mfuko kulia na mfuko kushoto, anasema, "Bwana Famau, mzigo ukae chini, sawa kwa sawa, huko ndiani hapana watazamaji," nami nikamjibu, "Shogi ni la punda, Bi Batuli, nipite nalo Amu nzima nichekwe?" Tangu hapo amenuna, nami chakula hakipiti. Nifanyeje?

JIBU

Bwana Famau, pole, na hongera ya mjukuu. Nimekuhurumia, kisha nimekukasirikia. Samli juu ya sinia, safari ya siku tatu! Mbona hukuweka na chetezo kinachofuka udi?

Hebu niambie, heshima yako ilikuwa wapi mtoto alipovikwa nguo ya jirani? Wale waliokushangilia hawakuwapo. Mkeo kakaa chini, kapima gurudumu, kasuka, kafikiri jambo ambalo wewe na kengele yako hamkulifikiri. Ningekuwa na mke kama huyo ningetembea kifua mbele. Kamwombe radhi leo, kabla hujala.

Kisha samli itie kwenye kibuyu chenye kizibo, chini kabisa ya mfuko wa kulia. Asali kushoto, uzito ulingane. Nguo za mtoto zisikae na samli hata kidogo: zivingirishe kwenye mkeka, uufunge mbele kwenye usukani. Kabla ya kuvuka, pakia vyote uende navyo mpaka mchanga wa Shela. Kitakacholegea kilegee hapo. Penye mchanga mwingi shuka usukume, hutakufa.

Na siku ya kuondoka usijifiche vichochoroni. Pita ufukweni mchana, piga kengele yako, na mtu akikuuliza punda yuko wapi, simama umjibu kwa sauti: "Hili kalisuka Batuli, na mjukuu wangu atavaa nguo zake mwenyewe."