Mtoto wa Kufichwa

Jumatatu, 7 Machi 2022
Barua imefika kutoka kazini kwa marehemu mume wangu, Muthamia. Bima ya familia inakoma mwisho wa mwezi. Nimeisoma mara tatu hapa sokoni Gakoromone, mikungu ya ndizi mbele yangu, hata sikusikia mteja akiniita. Mukiri, kitinda mimba wangu, ana pumu. Mwezi uliopita alilazwa siku nne. Bila ile kadi ya bima sijui ningemzika wapi. Naogopa. Wacha niandike tu hivyo.

Alhamisi, 10 Machi
Nimezunguka ofisi za bima mjini. Ya kwanza hawataki mwenye pumu. Ya pili bei yake ni ya wakubwa. Ya tatu kuna wakala, Bwana Kiogora — ana bima ya mama na watoto watatu. Hiyo naiweza, nikijibana. Mtoto wa nne akiongezwa, bei inaruka. Na mimi nina wanne. Nimemwambia nitafikiria.

Jumamosi, 12 Machi
Kiogora amekuja nyumbani na fomu. Mama mkwe alikuwa papo hapo, anachambua maharagwe. Kiogora akauliza, mama una watoto wangapi. Mama mkwe akanikazia macho. Huku mtu hahesabu watoto wake wote kwa sauti. Hata kwetu nilikozaliwa, Kianjokoma, ni hivyo, unapunguza mmoja, usije ukamwitia kifo. Nikasema watatu. Ilitoka yenyewe, mazoea tu.

Ningeweza kusahihisha. Kalamu ya Kiogora ilikuwa bado hewani. Nikakumbuka ile bei — nikamwacha aandike watatu.

Nimemwacha Ntinyari nje ya fomu. Ana miaka kumi, hajawahi kumeza hata panadol. Wenzake wakapigwa picha za kadi. Yeye ndiye aliyeleta chai. Akauliza, na mimi? Nikamwambia yake itapigwa baadaye. Mama mkwe akasema kwa Kimeru nimefanya vizuri, lazima mmoja afichwe.

Jumapili, 20 Machi
Kadi zimefika. Nimetoa shukrani kanisani. Ntinyari alikohoa mara moja wakati wa mahubiri, nikamshika paji la uso. Vumbi tu. Zamani nilikuwa nasikiliza kifua cha Mukiri. Siku hizi nasikiliza cha Ntinyari.

Jumanne, 24 Mei
Niko kwenye benchi la hospitali. Naandika haraka, mwandiko huu sitausoma mwenyewe.

Mwalimu alipiga simu saa nne. Ntinyari ameanguka darasani akishika tumbo. Daktari anasema ni kidole tumbo, apasuliwe leo hii, kikipasuka chenyewe ni hatari. Lakini kwanza kaunta, kuonyesha kadi ya bima.

Karani akauliza jina la mtoto. Ntinyari, amejikunja pale ubavuni mwangu, akajibu kabla yangu. "Karwirwa." Jina la mdogo wake! Sikumfundisha. Nilidhani hajui. Kumbe anajua tangu siku ile ya chai. Nami nikaitoa kadi ya Karwirwa, nikampa karani.

Sasa anangoja picha ifunguke kwenye kompyuta. Karwirwa ana pengo la meno mawili mbele, na uso wa mviringo kama wa baba yake. "Network iko chini kidogo, mama. Ngojeni hapo."

Sijui niombe network irudi au isirudi.

Ntinyari ameniegemea. Anachoma kama jiko. Ameninong'oneza, ataitwa Karwirwa mpaka lini. Nimemwambia anyamaze.

Picha imefunguka. Karani ameinua kichwa. Anamtazama mtoto, anatazama kompyuta, anamtazama tena —