Mfungwa Aliyezibua Chemba

Jumatatu, 11 Agosti

Wewe mkuu mpya wa gereza, huna haya. Umeshuka juzi kutoka bara na mabegi yako, leo unatufundisha kuishi. Mie nimeingia kota hizi bibi harusi. Marehemu mume wangu alikuwa askari magereza mpaka anastaafu. Enzi zake mfungwa analetwa nyumbani kila asubuhi. Apasue kuni, ateke maji, apalilie mchicha. Kila nyumba ya askari. Ndivyo ilivyokuwaga, na hakuna aliyekufa.

Leo waraka umebandikwa ubaoni. Mfungwa asikanyage nyumba ya askari. Afanye kazi za gereza tu, na ajifunze ufundi. Nimefagia uwanja mwenyewe. Mgongo unawaka moto.

Na anayewafundisha askari hayo mambo mapya nani? Mjukuu wangu Rehema. Koplo. Nimemlea mie tangu mama yake afariki, na sasa naishi kwake. Walimpeleka kozi, karudi na makabrasha. Anasimama darasani mbele ya wanaume wenye mvi, wanamnunia. Akimaliza vizuri anapewa usajenti. Kwa ajili ya hilo nimefunga mdomo.

Jumanne, 12 Agosti

Chemba ya choo imeziba. Maji machafu mpaka mlangoni. Rehema kasema ataleta fundi Jumamosi. Jumamosi! Mama Kulwa wa nyumba ya pili kapita kaziba pua kwa mtandio. Makusudi.

Jumatano, 13 Agosti

Chemba imezibuka. Sikungoja Jumamosi ya mtu.

Wafungwa watatu walikuwa wanachimba mtaro nyuma ya kota. Anayewalinda Mgaya, askari mtu mzima, karibu anastaafu. Kazi kafundishwa na mume wangu. Nikamwambia, Mgaya, nipe mmoja nusu saa. Akakuna kichwa. Akasema, "Mama, si kuna waraka?" Nikamwambia huo waraka basi uje uzibue. Akacheka, akanipa. Wazee tunaelewana.

Mfungwa mwenyewe ana kipara, fundi bomba kweli. Kaingiza mkono mpaka begani. Hana glavu. Nikamhimiza. Akanitazama, akasema, "Mama, hakimu kanipa miezi kumi na minane. Chemba yako hakuitaja."

Jeuri. Nikamnyima chai. Kisha nikampa, na maandazi mawili. Kala kachuchumaa uani. Mikono inanuka, maana sabuni sikumpa.

Hapo ndipo mkuu mpya akapita. Mwanamke mwembamba, umri wa marehemu binti yangu. Kaniamkia shikamoo kwa adabu zote. Kamtazama mfungwa. Katazama namba ya nyumba. Kaenda zake.

Ijumaa, 15 Agosti

Rehema kapewa barua ya kujieleza. Mgaya kaandika kwamba Koplo Rehema ndiye aliyemwagiza ampeleke mfungwa nyumbani. Mwongo mkubwa. Rehema alikuwa kazini, hakujua lolote. Mtu kala ubwabwa wangu sikukuu zote, leo anamtupa mtoto wangu ili ajiokoe mwenyewe.

Darasa limesimamishwa. Kamati inakaa Jumatatu. Wakimkuta na kosa, cheo hakuna, na kazi yenyewe inaweza kwenda. Kantini wanachekelea. Mwalimu wa waraka kajizibulia choo kwa mfungwa! Mama Kulwa kanisimamisha bombani: "Bibi Sajenti, vipi, chemba inapita?" Nikamjibu inapita vizuri kuliko mdomo wako. Watu wakacheka. Mie sikucheka.

Rehema hajanifokea. Angefoka ningepata pa kumjibia. Kasema tu, "Bibi, usiende kokote, usiseme lolote. Wakijua ni wewe uliyemwita mfungwa, watakutoa kota." Anataka aubebe mzigo mwenyewe. Mjinga. Kichwa kigumu kama mie.

Jumapili, 17 Agosti

Leo nimewagombeza wote moyoni. Mgaya. Mkuu. Mama Kulwa. Serikali. Hata marehemu mume wangu nimemgombeza, maana yeye ndiye aliyenizoesha kuagiza watu wasioweza kukataa.

Wote nimewamaliza. Nimebaki mie.

Waraka niliusoma. Darasa la nne langu linatosha kusoma herufi kubwa. Nilijua. Na harufu ningeivumilia, nimevumilia makubwa kuliko hayo. Nilitaka Mama Kulwa aone kwamba bado naita askari na askari anakuja. Basi. Kwa hilo tu nimemchomea mtoto.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimekwenda. Baibui jipya, viatu vya harusini. Getini wakanizuia. Nikawaambia nyie nimewafungia nepi, nipisheni.

Kamati watu watano mezani. Rehema kasimama kakakamaa, kaniona, macho yakamtoka. Mgaya anatazama viatu vyake. Mkuu kanyanyuka, shikamoo bibi, kanipa kiti. Sikukaa. Nikasema mfungwa nilimwita mie. Koplo hakujua. Mgaya nilimwomba mie, akanipa, na mnamwona alipo, mwulizeni. Mgaya akakubali. Kwa sauti ya mtu anayemeza mwiba.

Mkuu akaniuliza mfungwa gani. Nikasema yule mwenye kipara. Akauliza jina. Sina. Akaniuliza taratibu, bila dharau, "Bibi, miaka yote hiyo wamekufanyia kazi. Unalikumbuka jina la mmoja?"

Nilitafuta. Sikupata hata moja.

Kaniambia huyu anaitwa Athumani. Naliandika hapa lisinipotee. Athumani.

Nimetia saini jina langu lote, mpaka la babu.

Jumatano, 20 Agosti

Majibu yametoka. Rehema anabaki kazini na anarudi darasani. Usajenti hapana, si mwaka huu. Wamesema nyumba ni yake, mambo ya nyumba ni yake. Mgaya hatoki tena na wafungwa nje. Mie nihame kota kabla ya mwisho wa mwezi.

Athumani hakuadhibiwa. Mkuu kasema hakuwa na uwezo wa kukataa. Hilo limenichoma kuliko kuhamishwa.

Mtoto kakosa cheo kwa kiburi changu. Nimeliandika. Sitalifuta.

Jumamosi, 23 Agosti

Mwananyamala, kwa mdogo wangu Tatu. Chumba kidogo, dirisha moja, watoto wa wapangaji wanacheza rede nje. Rehema kanileta na mabegi. Katandika kitanda, kachomekea neti, kakaa pembeni yangu muda mrefu. Alipotaka kuondoka akaniambia anaogopa Jumatatu. Darasani watamcheka. Hajui aanzie wapi.

Jibu limenijia ameshaondoka. Kesho nampigia simu, na maneno ni haya, nayaandika nisije nikayalainisha:

Rehema, Jumatatu piga pasi magwanda yako uingie darasani wa kwanza. Usingoje wacheke. Waambie aliyevunja waraka ni bibi yako, alijua, na alimfanyia hivyo mtu aliyeshindwa kukataa. Anza na mie. Nitaje kwa jina.