Mume Wangu Hunifungia Matairi ya Mlimani Kila Ijumaa

Mpendwa Shangazi mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba usinicheke mpaka umalize kusoma, ukishamaliza ukitaka kucheka, cheka.

Mimi ni mwanamke wa makamo, napima damu katika maabara ya hospitali, na kazini wananiita Mama Gia kwa sababu naenda kazini kwa baiskeli, tena si ile ya kikapu mbele, ni baiskeli ya mlimani yenye springi na matairi manene, mpaka mlinzi wa getini ameshazoea kunifungulia mlango mdogo kabla sijapiga kengele. Baiskeli hiyo moja ina kazi mbili. Siku za kazi inanipenyeza katikati ya magari yaliyokwama, na Jumamosi ilikuwa inanipeleka kwenye njia za msituni, kwenye mlima ulio nyuma ya mji, mimi na yangu, mume wangu na yake. Sasa matairi yenye meno ni mazito kwenye lami, yanavuma kama nyuki, na yale laini ya lami ukiingia nayo kwenye matope unalala chini, basi mume wangu alijipa kazi, kila Ijumaa jioni anavua laini anafunga yenye meno, na Jumapili anarudisha laini. Nilipomwambia tutafute baiskeli ya pili alisema, "Bibie, baiskeli ni kama mke, ukimtunza mmoja anatosha."

Shangazi, mume wangu alikuwa dereva wa basi la shule. Mwaka jana aligonga nguzo ya geti mchana kweupe, bahati nzuri basi lilikuwa tupu, na daktari wa macho alipompima akasema ni presha ya macho, pembeni kote kumeshakufa, anaona mbele tu kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Basi likaishia hapo, na baiskeli ikaishia hapo. Yake alimpa binti wa kaka yake anayesoma chuo, akaijaza upepo, akamsindikiza mpaka barabarani, akarudi ndani akaosha vyombo.

Ijumaa iliyofuata nikashangaa kumkuta uani ameigeuza baiskeli yangu miguu juu, anafunga matairi yenye meno kwa kupapasa. Nikamwambia, "Baba, kesho siendi." Akasema, "Macho ni yangu, miguu ni yako. Nenda."

Nikaenda. Kuna mahali njia inashuka ghafla katikati ya mawe, yeye ndiye alikuwa akitangulia na kunipigia kelele, "Kushoto! Kaa kushoto! Jiwe!" na mimi namfuata kwa sauti tu. Siku hiyo nilifika pale nikasikia ndege wa msituni tu. Nikashuka, nikalia kama mtoto, nikaikokota baiskeli mpaka chini.

Tangu hapo sijapanda tena, lakini nyumbani sijasema. Kila Jumamosi navaa kofia ngumu na glavu, namuaga, nakwenda kwa dada yangu upande wa pili wa mji, nakaa. Dada yangu amechoka. Ananiambia, "Mdogo wangu, mtu anavaa kofia ya vita kuja kunywa chai? Mwambie mwenzio ukweli." Na mimi nasema wiki ijayo, wiki ijayo.

Nikirudi, mume wangu anaiosha baiskeli na anataka habari. "Leo njia ilikuwaje? Kwenye mawe umepitia wapi?" Mimi ni mtu wa maabara, Shangazi, kutunga sijui, mti mmoja nimeuangusha njiani mara mbili. Halafu nikaona matairi yanarudi safi, nikaogopa, nikachukua udongo wa bustani ya dada nikauchanganya na maji ya bomba, nikapaka matairi kama napaka ukuta. Mume wangu akaosha, akasimama, akanusa vidole vyake. "Siku hizi msituni wameotesha vitunguu?" Nikasema labda kuna mtu amelima huko. Akasema, "Watu bwana," akaendelea kuosha.

Kumbe. Wiki iliyopita nilitoka kazini mapema, cheni ikakatika karibu na nyumbani, nikawa naikokota baiskeli, kwa hiyo hakunisikia. Alikuwa uani anaongea na kaka yake kwenye simu, na nilisikia kwa masikio yangu: "Hapandi, kaka. Anakwenda kukaa kwa dada yake. Meno ya tairi hayajalika hata kidogo. Nifanyeje? Nikimwambia najua, hatatoka kabisa. Na nikiacha kufunga haya matairi, ni kama nimemwambia yamekwisha." Nilirudi nyuma mpaka kwenye geti, nikapiga kengele, nikaingia nikisema, "Hodi, jamani, cheni imeniangusha!"

Sasa mimi najua kwamba anajua, yeye hajui kwamba najua, na Ijumaa inakuja. Nikisema, namuaibisha. Nikinyamaza, anaendelea kupapasa nati kwa ajili ya safari ya kwenda kwa shemeji yake. Na la ndani kabisa, ambalo hata dada yangu sijamwambia, ni kwamba mlima naukumbuka mpaka miguu inawasha, ila naogopa, Shangazi, naogopa nisije nikafika kule juu nikafurahi bila yeye. Nifanye nini?

Mama Gia

*

Mama Gia, marahaba.

Kwa ruhusa yako nimecheka, kwenye vitunguu. Kwenye simu ya mumeo sikucheka, nilisimama kidogo dirishani.

Sasa nisikilize. Unadhani unamhurumia. Ugonjwa umemnyima kupanda, lakini wewe umemnyima hata kusikia. Mtu mzima anakuuliza kwenye mawe umepitia wapi, anayataka mawe yake, wewe unampa mti wa kubuni, tena mmoja kwa mara mbili! Kama unamheshimu, mpe mlima wa kweli, hata kama utamuuma. Alikuwa na haki ya kuumia, na haki ya kuzoea. Umemwondolea zote mbili kwa mkono wa upendo.

Na yeye naye nina neno lake. Bwana, kama gazeti hili limefika mezani kwenu, mkeo hajatulia kwa sababu umemfichia unachokijua. Umelea uongo wake kama yai. Mlioana mseme.

Turudi kwako. Jipu lenyewe ni hilo la mwisho, mengine yote ni ngozi. Unaogopa kufurahi bila yeye. Mama Gia, furaha yako haikukatwa kwenye macho yake. Ukijinyima wewe, yeye haongezewi kitu. Mmoja akipungukiwa na macho, na mwenzake naye akajifunga kitambaa, nani atamwambia mwenzake kuna ngazi hapo mbele?

Ya matairi nimekuulizia. Karibu na ofisi yetu kuna fundi wa baiskeli, nikamweleza habari yako bila kukutaja. Akaniambia kuna matairi ya katikati, laini juu na meno ubavuni, yanakwenda lami na yanakwenda msituni, mtu hahangaiki kubadilisha kila wiki. Nikafurahi, nikasema hili ndilo jibu. Akanitazama. "Mama, dereva aliyependa baiskeli miaka yote hiyo, unadhani hayajui hayo matairi?" Kwa hiyo usinunue kitu. Ile ni kazi yake, na wewe ndiye abiria aliyebaki naye.

Gazeti letu hutoka Alhamisi, na matairi hufungwa Ijumaa, una bahati. Ijumaa jioni usikae ndani ukisikiliza nati zinavyolia. Toka uani, kaa chini karibu naye, mshikie gurudumu, na useme: nilikusikia kwenye simu, na sijapanda tangu siku ile, na hii ndiyo sababu. Usianze na kilio. Akitaka kukasirika, mwache akasirike, hasira si msiba. Kisha muulize swali ambalo katika barua yako yote sikuliona ukimuuliza: wewe unataka nini? Pengine anataka habari za mlima. Pengine hataki kabisa kuzisikia, anataka tu mikono yake iwe na shughuli. Pengine anataka apelekwe na gari la jirani mpaka pale njia inapoanzia, akae, anuse ile hewa. Hujui. Mimi pia sijui. Anayejua unalala naye kitanda kimoja.

Matone yake ya macho asiyakose hata siku moja, wewe mtu wa hospitali hilo sikufundishi, ila nakukumbusha, maana huzuni hutufanya tusahau chupa kwenye kabati.

Na usipande peke yako. Mwanamke aliyeanguka kwenye mawe bila mtu wa kumwita ni habari ya ukurasa mwingine wa gazeti hili, na sitaki kukusoma huko. Mpigie yule binti wa shemeji yako, ana baiskeli nzuri na magoti mapya. Pale kwenye mawe wewe ndiye utakayetangulia, na utapiga kelele, maana nyuma yako kutakuwa na mtu asiyeijua njia.

Jumamosi panda. Mkifika juu usikae kwanza, usinywe maji, usitafute maneno. Mpigie simu mumeo hapo hapo, asikie unavyohema.