Diski Imejaa na Masanja Hajatoka

Kilosa, Alhamisi jioni. Tangu asubuhi mawingu yanadanganya tu. Wanawake wameanua nguo mara tatu na tone halijadondoka. Niko ndani ya kibanda changu cha redio karibu na stesheni, shati limelowa jasho la aibu, na nimeamua kukiri hapa kabla watu hawajanisemea.

Leo nusura nimpoteze marehemu mara ya pili.

Kwa wanaonisoma mara ya kwanza: mimi ni fundi redio niliyekataa kustaafu. Elimu yangu ni darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililipita kwa kuchungulia karatasi ya mwenzangu. Siku hizi redio haitengenezwi, inatupwa, kwa hiyo nimejitafutia kazi nyingine isiyo na mshahara. Kuna kikundi cha watu wa kujitolea, wametapakaa dunia nzima. Tovuti ikitangaza kwamba inafungwa, wao wanaikimbilia na kunakili kurasa zake kabla hazijafutika. Mimi ni mmoja wao. Nadhani mimi ndiye mzee kuliko wote, ila sijawaambia, wasije wakaanza kuniamkia.

Kazi yenyewe haifanywi na kompyuta unayoiona mezani. Ndani yake unafuga kompyuta nyingine, haina waya wala kitufe. Wasomi wanaiita mashine pepe. Mimi naiita Mpangaji. Unamkatia eneo kwenye diski, unamwambia hiki ndicho chumba chako. Yeye anachukua kurasa kwenye foleni ya kikundi, anazipakua, anazifunga, anazituma kwenye ghala la wenzetu huko mbali, kisha anafuta na kuchukua nyingine. Mpangaji mzuri kabisa. Hapigi muziki, haleti wageni.

Ana kasoro moja. Akijaza vitu, chumba chake kinapanuka na kula nyumba yangu. Akivitoa, ukuta haurudi. Ndani keshafagia, lakini huku kwangu faili lake, yaani chumba chenyewe, limebaki nene vilevile. Kulibana lazima umzime kwanza, na ukimzima akiwa na kazi mkononi, kazi hiyo imekwenda.

Haya yote nilikuwa nayajua. Ndiyo maana naiita aibu.

Sasa Masanja. Alikuwa Msukuma, alihamia Msowero, si mbali na hapa, na ng'ombe wake na mkewe. Alikuwa analeta simu kuchaji hapa kwangu, na wakati inachaji anaandika humo, ameinama kama anayemtafuta kupe. Aliandika kwenye tovuti moja ya bure. Jina la kila ng'ombe, mama yake nani, alizaliwa wapi njiani, siku hiyo mvua ilikuwaje, nani aliwanyima maji na nani aliwapa. Na picha. Miaka minane aliandika. Alipofariki, simu ikapotea humohumo msibani, ikabaki tovuti. Mkewe, Mama Kabula, kila siku ya gulio huja nimfungulie, akasoma taratibu kwa kidole.

Tovuti hiyo ikatangaza kwamba inafungwa leo, saa kumi na mbili jioni. Nikamwambia Mama Kabula nitamtoa mumewe humo kabla haijafungwa.

Nikaomba kwenye kikundi: ukurasa wa Masanja nipeni mimi. Wakanipa. Ukishapewa, wengine hawaugusi tena. Wanajua uko kwenye mikono salama.

Mikono salama ndiyo hii yangu.

Kikundi kina ubao unaoonyesha nani katuma mzigo kiasi gani. Juu yangu kidogo tu yuko mtu anajiita Kobe. Sijui ni mwanamume, mwanamke, au ni kobe kweli. Nikatamani kumpita. Mpangaji wangu huwa namruhusu kufanya kazi mbili kwa mpigo. Juzi nikampandisha sita. Intaneti yangu ni ya simu, inavuta vizuri lakini kutuma mpaka uibembeleze. Kwa hiyo mizigo ikaingia kwa sita na kutoka kwa tone. Ukuta ukapanuka, ukapanuka. Leo saa saba mchana Mpangaji akasimama katikati ya sentensi: diski imejaa.

Nikaangalia Masanja yuko wapi. Maandishi yalikuwa yameshapakuliwa, picha nusu, na hakuna kilichotumwa. Nikajaribu kuufungua ukurasa kwa simu ili niunakili kwa mkono, ukazunguka tu. Dunia nzima ilikuwa mlangoni pa tovuti hiyo. Mpangaji angeweza, kwa sababu hachoki kugonga, lakini hakuwa na pa kuweka hata picha moja. Nikimzima, anaanza sifuri, nyuma ya foleni.

Ilibidi nipate nafasi kwenye diski yangu mwenyewe. Na diski yangu imejaa nini?

Mimi.

Nimekuwa mshereheshaji wa harusi miaka mingi, Kilosa, Mikumi, mpaka Kidodi kwa watu wa miwa. Video zote nilizihamishia humu, kanda zenyewe zikaliwa na ukungu nikazitupa. Na nikiri lingine: mchana kibanda kikiwa kimya huwa najifungulia, najiangalia nikichekesha watu, nacheka. Mzaha naujua, mwisho wake naujua, na bado nacheka.

Kwa hiyo nikaanza kufuta kwa ubahili. Nikafuta michoro ya redio. Flashi ninayo, lakini imejaa kwaya ya kanisani, nayo siigusi, namwogopa mama mchungaji kuliko ninavyomwogopa mchungaji. Mwisho nikafuta harusi tatu, zile ambazo ndoa zake zilishavunjika. Niliona hata wenyewe watashukuru. Mpangaji akaamka, akafanya kazi dakika ishirini, akasimama tena.

Saa tisa Mama Kabula akaingia.

"Shikamoo, Msagara."

"Marahaba, mama wa ng'ombe. Karibu kiti."

"Kiti baadaye. Baba Kabula ametoka?"

Nikamweleza. Sikumficha kitu, hata ile sita, hata Kobe. Alinisikiliza mikono kiunoni.

"Ulikuwa unashindana mbio na kobe?"

"Ndiyo."

"Na amekushinda?"

"Ndiyo, mama."

Akaitazama kompyuta kama anayetazama zizi la mtu mvivu. "Kilichojaa humo ni nini?"

"Harusi."

"Za nani?"

"Za watu. Ila msemaji ni mimi."

"Hebu fungua moja nione."

Nikafungua ya Mikumi. Nilichagua nzuri, nilitaka anihurumie. Nipo pale na koti la kuazima, namchokoza mjomba wa bwana harusi mpaka anaficha uso kwa sahani ya pilau. Mama Kabula akacheka. Akacheka hadi machozi, akayafuta kwa ncha ya khanga. Nikajua nimepona.

Akaweka kiganja juu ya kompyuta.

"Mtani, hizi nimezichukua."

Nieleze kwa msio wa huku. Msukuma na sisi Wasagara ni watani. Mtani akiweka mkono juu ya kitu chako akasema amechukua, amechukua. Ukinuna, wewe ndiye huna adabu. Siku ya kumzika Masanja nilichukua fimbo yake na kofia yake mbele ya wafiwa wote, nikamwigiza anavyoswaga ng'ombe, anavyowatukana kwa upole, mpaka mjane mwenyewe akacheka kwenye mkeka. Fimbo ninayo nyumbani. Hakuna aliyewahi kunidai. Sasa ningemwambia nini huyu mama?

"Umechukua," nikasema.

"Ni zangu?"

"Zako, mtani."

"Changu nakifanya nitakavyo. Zifute."

"Zote?"

"Wewe fimbo ulichukua nusu?"

Nikazichagua zote nikafuta. Nikamwambia tayari, nikakaa. Mpangaji kimya. Tukasubiri. Kimya.

"Mbona haamki?"

Nikakohoa. Ukifuta kitu kwenye kompyuta hakiondoki, kinakwenda kukaa kwenye pipa la taka, na nafasi yake bado kinaishikilia. Mimi nilijua. Nilitegemea yeye hajui, na kwamba baadaye, kwa namna nisiyoielewa hata mimi, ningekuja kuchokoa pipa.

"Mzee mzima," akasema, "unamfanyia ujanja maiti?"

Nikafungua pipa. Kompyuta ikauliza kama nina hakika, maana hazitarudi tena. Hakika sikuwa nayo. Mama Kabula akanyoosha kidole chake cha kusomea, akabonyeza.

Mpangaji akaamka.

Nikamshusha afanye kazi moja tu, ya Masanja. Kazi nyingine zote nikazirudisha kwenye foleni ya kikundi, pamoja na samahani niliyoiandika kwa Kiingereza changu cha betri na spika. Picha zikaanza kuingia moja moja. Majina ya mafaili yalikuwa yanapita kwenye kioo, maana Masanja aliziita picha zake kwa majina ya ng'ombe, na Mama Kabula akawa anawapokea kwa sauti. Huyu alikuwa mchokozi. Huyu alivuka mto akiwa na mimba. Huyu tulimuuza wakati Kabula anaumwa. Mteja mmoja alikuja na spika yake, akasimama mlangoni, akasikiliza, akaondoka bila kusema shida yake.

Saa kumi na moja na kitu, mstari wenye jina la Masanja ukabadilika. Umetumwa.

"Amefika?"

"Amefika."

"Na ng'ombe?"

"Wote."

Ndipo akavuta kiti akakaa. Hakulia wala hakunishukuru, na alifanya vizuri, maana ningejisifu. Akauliza kama watoto wake wakiwa mbali wataweza kumsoma. Nikamwambia ghala likishapangwa nitamtafutia njia ya kufungulia, niiandike kubwa kwenye daftari la Kabula. Akasema niiandike mara mbili, maana mimi si mtu wa kuaminiwa mara moja.

Saa kumi na mbili nilijaribu kuifungua ile tovuti. Hakuna kitu.

Mama Kabula ameshapata gari la kurudi Msowero. Kesho nitamzima Mpangaji nimbane faili lake arudi saizi ya binadamu, na kazi zitakuwa mbili, hazitapanda tena. Nimeandika hapa ili mnisute mkiniona na sita. Kobe aendelee mbele, njia ni yake. Nikipanda jukwaani tena nitatunga upya, na nisipoweza, nitakaa chini kama wageni wengine nile pilau.

Lakini bado najiuliza jambo moja. Kama Mama Kabula asingekuja leo, kama gari la Msowero lingeharibika njiani, je, ningezifuta mwenyewe kabla ya saa kumi na mbili?

Ningependa sana kuandika ndiyo.